Laini Isiyo na Mnara

Ukitua London na simu yako, ingia kwenye mipangilio, zima ile sehemu inayochagua mtandao moja kwa moja, kisha iache simu itafute mitandao yote iliyopo hewani. Itahangaika dakika moja au mbili, halafu itakuletea majina manne: EE, O2, Vodafone na 3, yaani Three. Basi. Sasa ingia duka lolote la karibu na kituo cha treni, yale yanayouza chaja, sigara na maziwa kwa pamoja. Ukutani zimening'inia laini za Lebara, Lycamobile, giffgaff, Tesco, Smarty, Voxi, na nyingine ambazo hata muuzaji mwenyewe hazikumbuki zote. Kwenye orodha ya simu majina hayo hayapo. Simu haitafuti majina ya biashara. Inasikiliza minara, na minara inajitangaza kwa majina manne tu.

Fanya hivyohivyo Nairobi, utawaona Safaricom, Airtel, Telkom na Faiba. Equitel, laini ambayo Wakenya wameizoea tangu 2015, haina mnara hata mmoja nchini; inatumia ya Airtel. Lakini iweke kwenye simu, na pale juu ya kioo litaandikwa Equitel, si Airtel. Jina hilo halikutoka hewani. Limo ndani ya laini yenyewe, kwenye faili dogo ambalo kazi yake ni kuiambia simu: ukikuta mnara wa fulani, andika jina langu.

Kampuni za namna hii wataalamu huziita MVNO. Kwa Kiswahili tuseme kampuni pepe za simu, pepe ileile ya barua pepe. Watu wakizisikia huuliza swali moja: kama minara ni ileile, mbona bei ni nusu? Na kama bei ni nusu, napunjwa wapi? Wauza laini wana jibu lao la haraka, "mtandao uleule, bei chee." Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mnara ni uleule kweli. Kinachotofautiana ni mambo mawili ambayo mteja hayaoni: daftari la wateja liko mikononi mwa nani, na mteja wa kampuni pepe amesimama wapi kwenye foleni ya mnara.

Kampuni kubwa ya simu imejengwa kama ghorofa. Chini kabisa kuna masafa, yaani kibali cha serikali cha kurusha mawimbi ya redio, kinachonunuliwa kwa fedha nyingi na kwa muda wa miaka. Juu ya masafa kuna minara, redio zake, umeme, jenereta, dizeli, walinzi, na nyaya za faiba za kuufikisha mnara mjini. Hapo ndipo mtaji unapomezwa. Juu yake kuna mitambo ya kati inayojua nani ni nani, nani ana salio, na simu hii ipelekwe wapi. Juu kabisa ndiko aliko mteja: laini, vocha, bando, matangazo, na yule dada wa huduma kwa wateja. Kampuni pepe inafanya kama mfanyabiashara wa Kariakoo aliyepanga fremu. Hakununua kiwanja wala kumwaga zege. Ana bidhaa, ana kibao mlangoni, ana wateja wake.

Kabla hatujamcheka mpangaji, tukumbuke kwamba wenye nyumba wenyewe nao siku hizi wamepanga. Nchini Tanzania, Tigo na Vodacom ziliuza minara yao mingi kwa Helios Towers zaidi ya miaka kumi iliyopita, kisha zikaanza kulipa kodi kutundika redio zao kwenye minara iliyokuwa yao. Kenya, minara mingi iliyokuwa ya Airtel ilikwenda kwa Eaton Towers, na Eaton nayo ikanunuliwa na American Tower. Kwa hiyo mteja wa Equitel akipiga simu, huenda anapita kwenye redio ya Airtel, iliyotundikwa kwenye mnara wa American Tower, uliosimama kwenye kipande cha shamba la mzee fulani anayepokea kodi yake kila mwaka. Mzee huyo pengine ndiye pekee katika mnyororo mzima asiye na mkopo.

Sasa tuiwashe simu, polepole, maana siri yote iko kwenye zile sekunde chache kabla netiweki haijashika.

Ndani ya laini kuna namba ambayo si namba yako ya simu. Kwa kawaida ina tarakimu 15. Tatu za kwanza ni nchi: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Zinazofuata ni mtandao: Vodacom Tanzania ni 04, Safaricom 02, Airtel Kenya 03. Zilizobaki ni wewe. Pamoja na namba hiyo, laini imebeba ufunguo wa siri uliowekwa wakati inatengenezwa, na pacha wa ufunguo huo anatunzwa kwenye daftari la aliyeitoa laini. Simu ikiwaka inaupigia hodi mnara wa karibu na kutaja namba yake. Mnara hauna habari na wewe. Unaipeleka namba kwenye mitambo ya kati, na mitambo inazisoma zile tarakimu za mwanzo kwa nia moja tu: huyu ni mtoto wa nani? Kwao kukishajulikana, swali linapelekwa huko. Daftari linatoa fumbo, yaani namba ya kubahatisha ambayo haijirudii, pamoja na jibu sahihi ambalo mtambo unalificha mfukoni. Fumbo peke yake linaletwa kwenye simu yako. Laini inalikoroga na ufunguo wake, inarudisha jibu, na mtambo unatoa lake mfukoni na kulinganisha. Yakifanana, mlango unafunguliwa. Ufunguo wenyewe haujasafiri popote, ndiyo maana anayenasa mawimbi hewani haambulii kitu cha maana.

Utaratibu huo ndio unaotumika Mtanzania anapovuka Namanga na simu yake ikashika mtandao wa Kenya. Mnara wa Kenya unauliza Dar es Salaam: mnamjua huyu? Dar inajibu, na bili inafunguliwa. Kampuni pepe, kwa macho ya mitambo, ni mgeni wa aina hiyohiyo, ila asiyerudi kwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe anapewa siku ya kwanza, kwa ankara.

Kuna kampuni pepe ambayo ni jina tu. Haina daftari wala mtambo. Inanunua laini zilizokwisha kutengenezwa na mwenye mtandao, inazifunga kwenye pakiti yenye rangi zake, inapanga bei na kutangaza. Wateja wake wote wamo kwenye daftari la mwenyeji, na siku wakigombana, mwenyeji ndiye anayebaki na majina. Kuna nyingine imekwenda hatua moja mbele: ina mfumo wake wa kukata salio, inajipangia mabando itakavyo, inapokea malalamiko yenyewe, lakini funguo za laini bado ziko kwa mwenye mnara. Na kuna ile iliyokamilika. Hii ina msimbo wake wa mtandao, inachapisha laini zake, ina daftari lake na mitambo yake ya kati. Inachokodi ni redio peke yake. Huyu anaweza kuamka asubuhi akamwambia mwenyeji "mkataba umeisha" na kuhamia mnara wa jirani bila mteja kubadili laini, ilimradi ameshafunga mkataba na huyo jirani. Mwenye nyumba analijua hilo, na ndiyo maana aina ya tatu husikilizwa zaidi mezani.

Kisha kuna wale wa kujifanya. giffgaff ilianza Uingereza mwaka 2009 kama kampuni ya kihuni kidogo: haina maduka, na maswali ya wateja wapya yanajibiwa na wateja wakongwe wanaolipwa kwa pointi. Mwenye mali ni O2. Voxi ni Vodafone, Smarty ni Three. Hizo ni fremu ambazo mwenye ghorofa amezifungua mwenyewe chini ya kibao kingine, ili anayetafuta rahisi asije akavuka barabara kwenda kwa mshindani.

Lakini kwa nini mwenye ghorofa ampangishe mtu baki atakayeuza bidhaa ileile kwa bei ya chini? Virgin Mobile, inayohesabiwa na wengi kuwa kampuni pepe ya kwanza kufanikiwa duniani, ilianza Novemba 1999 kwenye mtandao wa One2One, na hata wakati ule swali hili liliulizwa. Jibu limo kwenye hesabu ya mnara. Mnara ukishasimama, gharama yake haipungui usiku wala Jumapili. Nafasi isiyouzwa saa nane za usiku imepotea, kama kiti kitupu kwenye basi la Moshi lililokwisha kuondoka Dar. Anayekuja kununua nafasi hizo kwa jumla na kuzitafutia watu mwenyewe ni neema, ilimradi asiwachukue abiria waliokwisha kukata tiketi. Tesco Mobile ya mwaka 2003 ilikuwa nusu ya Tesco na nusu ya O2: duka kuu lilikuwa na foleni za akina mama kila Jumamosi, kampuni ya simu ilikuwa na minara. Lebara, iliyopewa jina kwa silabi za majina ya waanzilishi wake watatu, iliwafuata wahamiaji. Watu wetu wa Reading na Milton Keynes, kule Uingereza, wanakumbuka enzi zile dakika ya kupiga Tanzania kwa laini ya kawaida ilivyokuwa balaa, na vile vibango vya njano na buluu vilivyoandika bei ya nchi kwa nchi. Kampuni kubwa haikuwa na hamu ya kujua Mtanzania anapiga simu wapi Jumapili jioni. Mpangaji alijua, na akanunua dakika za kimataifa kwa jumla kwa ajili hiyo. WhatsApp ilikuja kuila sehemu kubwa ya biashara ile, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wakati mwingine mwenye nyumba hapendi, analazimishwa. Mwaka 2014 Telefónica ilipotaka kuinunua E-Plus nchini Ujerumani, Tume ya Ulaya iliona kampuni nne zinakuwa tatu na ikahofia bei kupanda. Iliruhusu kwa sharti kwamba hadi asilimia 30 ya uwezo wa mtandao huo mpya iuzwe kwa kampuni pepe. Drillisch, kampuni pepe ya hukohuko, ikachukua. Baadaye ikaungana na 1&1, na 1&1 ikanunua masafa yake mwaka 2019, ikaanza kusimamisha minara. Mpangaji akageuka jirani.

Bei ya jumla hupangwa kwa njia kadhaa. Njia ya kawaida ni kulipa kwa kila dakika, ujumbe na megabaiti. Nyingine ni kuchukua bei ya reja reja ya mwenyeji na kupunguza asilimia fulani, njia ambayo humwacha mpangaji akimfuata mwenyeji kama kivuli: mwenyeji akishusha bei ghafla, kivuli kinabanwa ukutani. Ile ya Drillisch ni kununua fungu zima la uwezo wa mtandao, ulitumie usilitumie. Na kuna sakafu ambayo hakuna mjanja anayeweza kuishuka. Kenya, simu ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao unaopigiwa hulipwa gharama ya mwingiliano: senti 99 kwa dakika hadi katikati ya 2022, kisha senti 58, na kuanzia Machi 2024 senti 41. Mteja wa Equitel akimpigia shangazi yake mwenye laini ya Safaricom, senti hizo zinadaiwa kabla mtu yeyote hajaona faida. Kwenye data hakuna malipo ya namna hiyo, ndiyo maana unafuu wa kampuni pepe huonekana zaidi kwenye mabando ya intaneti kuliko kwenye dakika.

Mengine ni kubana matumizi. Hakuna maduka ya vioo, hakuna simu za mkopo. Mint Mobile ya Marekani inauza kwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili, unalipa mbele, kama anayenunua mchele kwa gunia badala ya kilo. Fedha inaingia mapema, mteja hahami kila mwezi, na gharama ya kumtafuta upya haipo.

Sasa foleni. Hapa ndipo penye kisa, na hapa ndipo matangazo hukaa kimya.

Mnara wa 4G haumpi mtu njia yake peke yake. Chukua mnara wenye nafasi ya megahezi 20. Nafasi hiyo imekatwa vipande 100, na kila milisekunde moja, yaani mara elfu moja kwa sekunde, kuna programu ndani ya mnara inayoamua vipande hivyo 100 apewe nani. Huyu anatazama video, yule anatuma picha, wa tatu yuko mbali nyuma ya ukuta na anahitaji vipande vingi kwa kazi ndogo. Programu inagawa, milisekunde inapita, inagawa tena. Saa tisa za usiku vipande vinabaki, na mteja wa bando la elfu kumi na mteja wa bando la elfu hamsini wote wanashiba sawasawa. Ukipima spidi wakati huo utaapa kwamba ni mtandao uleule, na utakuwa umesema kweli.

Njoo saa kumi na moja jioni pale kituo cha mabasi kimefurika. Maombi yanazidi vipande. Programu haigawi kwa huruma, inaangalia ngazi. Kwenye 4G kila mkondo wa data una namba ya ngazi, na zile za kawaida ni 1 hadi 9. Sauti ya simu iko kwenye ngazi yake ya heshima, maana sauti ikichelewa mazungumzo yanavunjika. Intaneti yetu ya kila siku huangukia kati ya 6 na 9. Ngazi anayopewa mteja imeandikwa kwenye kumbukumbu zake ndani ya daftari, na kwa mteja wa kampuni pepe imetokana na mkataba wa jumla ambao yeye hajauona. Marekani ndiko mambo haya yanakojadiliwa waziwazi zaidi: wateja wa moja kwa moja wa malipo ya mwezi hukaa ngazi moja, wapangaji wengi wa bei nafuu ngazi iliyo chini yake. Hakuna anayekatiwa. Wanasubiri tu, milisekunde baada ya milisekunde, hadi wa mbele washibe. Kwenye kioo netiweki imejaa vijiti vyote, na video inazunguka kiduara. Vijiti vinapima nguvu ya mawimbi. Foleni havina habari nayo.

Kuna na machungu madogomadogo. Niliwahi kukaa siku tatu katika mji mmoja wa Ulaya, laini ya bei chee mfukoni, bila intaneti, nikimwandikia mhudumu aliyenijibu kwa upole kila baada ya saa nne. Siku ya tatu ndipo alipokiri: wao hawana fundi. Wamefungua tiketi kwa mwenye mtandao, na mwenye mtandao ana tiketi zake. Kampuni yenyewe siitaji. Alichosema ni kweli kwa wapangaji karibu wote.

Turudi Kenya, kwa sababu kisa cha Equitel kinaonyesha kwamba kampuni pepe wala si lazima iwe ya kutafuta dakika za bei rahisi. Benki ya Equity, mwenye Equitel, ilishawahi kushirikiana na Safaricom mwaka 2010 kwa akaunti ya M-Kesho. Ushirikiano haukunoga. Novemba 2012 Safaricom ikaja na M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya kwenye simu, pamoja na benki nyingine. Equity ikabaki na somo: mteja wake yumo ndani ya simu, na mlango wa simu unashikwa na mtu mwingine. Menyu ya laini inapangwa na aliyetoa laini. Ukitaka benki yako ionekane humo, unabisha hodi, unalipa, na unasubiri nafasi.

Aprili 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikatoa leseni kwa kampuni pepe tatu, mojawapo Finserve Africa, tanzu ya Equity. Mwenyeji ni Airtel, ambayo ilikuwa na minara isiyojaa na mshindani mkubwa kupita kiasi. Adui wa adui yangu, fremu ipo. Lakini kikwazo kilikuwa dhahiri. Nani atatoa laini ya M-Pesa ili aingize ya benki? Equity ikaleta laini nyembamba kutoka Taisys ya Taiwan: utando mwembamba wenye chipu, unaobandikwa juu ya laini uliyonayo kama stika. Una vijisahani vya shaba juu na chini, laini ya zamani inaongea kupitia kwake, na simu ya kichwa kimoja inakuwa na vichwa viwili.

Safaricom ilipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kitu kinachokaa katikati ya laini na simu kinaweza, kinadharia, kusikia kila kinachopita, namba ya siri ya M-Pesa ikiwemo. Ilikuwa pia hoja tamu kibiashara, na wote mezani walijua. Bunge likaingia, barua zikaandikwa, na Septemba 2014 Mamlaka ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Tukiangalia nyuma, ugomvi wote ule ulihusu kiduchu cha plastiki, huku kilichogombewa hasa kikiwa ni menyu: mtu akitaka kutuma fedha, kioo kimwonyeshe jina la nani kwanza. Laini za simu za Equitel zilikuwa gari tu. Mzigo ulikuwa benki.

Benki za Afrika Kusini zilipita njia hiyohiyo kwa utulivu zaidi. FNB Connect ilianza 2015, Capitec Connect Septemba 2022, zote mbili kwa mwenyeji mmoja, Cell C. Capitec ilikuja na data isiyoisha muda, bei moja ya senti 4.5 za randi kwa megabaiti, ununue kidogo au nyingi. Aliyewahi kuona bando lake linafutwa saa sita usiku likiwa halijaguswa anaelewa kwa nini watu walikimbilia. Kizuri zaidi ni mwenyeji mwenyewe. Cell C, kwa madeni, iliamua kuachana na redio zake na kuwahamishia wateja wake kwenye minara ya MTN na Vodacom, kazi iliyomalizika 2023. Mpangaji wa benki amepanga kwa mpangaji. Nyumba ina orofa nyingi kuliko mchoraji alivyopanga, na inasimama.

Isiposimama, anayeumia ni wa juu. Uganda, kampuni ya K2 yenye uhusiano na ufalme wa Buganda ilikuwa ikitumia mtandao wa Africell, na Oktoba 2021 Africell ikafunga shughuli zake nchini humo. Virgin Mobile ya Uingereza ilihamishwa kutoka mnara hadi mnara kadiri mikataba na ndoa za wakubwa zilivyokwenda, hadi kampuni mama ilipoungana na O2 mwaka 2021. Mteja aliyekaa kitako kwenye kochi lake amehama bila kunyanyuka. Marekani, Amp'd Mobile ilifilisika 2007 ikiwa na deni la mamilioni ya dola kwa Verizon. Ilikuwa na vijana wengi na muziki mwingi, na bili za jumla zilizofika kila mwezi bila kujali kama vijana wamelipa.

Na mpangaji akistawi sana, mwenye nyumba humnunua. Verizon ilitoa dola bilioni 6.25 kuichukua TracFone mwaka 2021, na kati ya wateja takriban milioni 21 waliokuja nayo, zaidi ya milioni 13 walikuwa tayari wanatumia minara ya Verizon. T-Mobile iliichukua Mint mwezi Mei 2024 kwa dau lililoweza kufika dola bilioni 1.35. Wanunuzi hawakupata mnara hata mmoja mpya kwenye biashara zile. Walinunua daftari.

Ukitaka kujua laini yako ya nani, itoe uigeuze. Namba ndefu iliyochapwa mgongoni huanza na 89, alama ya mambo ya simu duniani kote, ikifuatiwa na msimbo wa nchi ya aliyeitoa: 255, 254, 44. Siku hizi hata mgongo wa kugeuza unatoweka, kwa kuwa watalii wananunua laini za kupakua, yaani eSIM, zisizo na plastiki, kabla hawajapanda ndege. Msichana anakaa ufukweni Nungwi, simu yake inashika mnara wa hapohapo kijijini, lakini daftari lake liko Ulaya kwa kampuni ambayo hajawahi kuisikia kabla ya juzi, na data yake inapelekwa huko kwanza. Anatafuta mahali pa kula pweza. Swali linatoka Nungwi, linapita chini ya bahari hadi kaskazini, linageuka, linarudi. Simu inamletea majibu pamoja na tangazo la duka la samani, kwa Kipolandi. Mgahawa uko hatua 200 nyuma ya mgongo wake.